Kichupa cha Pili

Watu wa hospitali ile walimwita Bi Kimya, na aliyempa jina hilo hakumsingizia. Akishakaa kwenye kiti chake mbele ya meza ya maabara, akavaa barakoa na kushika pipeti, kile kijibomba cha kuvutia matone, ungeweza kumwambia nyumba yake inaungua na asikujibu mpaka amalize. Angekuinulia kidole kimoja tu, maana yake subiri. Mgeni angedhani ni dharau. Wenyeji walishazoea, waliweka karatasi zao mezani wakaenda zao.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Huko alikuwa na maneno kushinda soko zima. Wifi yake, waliyekaa naye ua mmoja, alikuwa akimwambia, "Wewe huko kazini unayaweka maneno akiba, halafu jioni unakuja kunimalizia mimi." Mumewe, dereva mstaafu wa malori, aliapa kwamba katika miaka thelathini ya ndoa hajawahi kuisikia taarifa ya habari hadi mwisho. Kwa hiyo asije mtu akadhani mama huyu alizaliwa bubu. Ule ukimya wa mezani aliutafuta mwenyewe, kwa sababu anayoijua yeye.

Sababu aliyokuwa akiwapa wanafunzi waliokuja kujifunza kazi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa nzima. Aliwaambia hivi: tumboni, nyuma kabisa, kuna nyama ndefu iliyojilalia inayoitwa kongosho. Wengi hawajui hata kama wanayo mpaka siku inapowauma. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula, na kimojawapo kinaitwa amilesi. Ikiumia, amilesi huvuja ikaingia kwenye damu, na mashine ya maabara huiona imepanda. Ndivyo daktari anavyojua. Lakini mate nayo yana amilesi, tena tele. Ukiongea juu ya kichupa kilicho wazi, tone dogo la mate likarukia ndani, mtu ambaye kongosho yake haina neno anaandikiwa ugonjwa. "Wanasema ulimi hauna mfupa," alikuwa akimalizia. "Sawa. Ila una mate." Wanafunzi walicheka, na yeye akavaa barakoa yake kuwaonyesha kuwa kicheko kimekwisha.

Nusu ya pili ya sababu ilikuwa kwenye droo, chini ya maboksi ya glavu, ndani ya bahasha ya kaki. Karatasi moja tu, imekunjwa mara mbili. Ilikuwa na miaka kumi na minne mle ndani.

Mwenzake wa maabara alikuwa kijeba mmoja mcheshi waliyemwita Redio. Tangu alipowashwa na mama yake hajapata kuzimwa. Alikuwa anajua kazi, hilo tusimnyime, lakini alipima damu huku anasimulia mpira, akahesabu seli huku anagombana na goli la juzi. Barakoa kwake ilikuwa pambo la kidevuni. Bi Kimya alishamsema mpaka akachoka. "Dada, mate yangu hayaruki," Redio alikuwa akijibu. "Yamefundishwa adabu."

Basi Jumanne moja asubuhi, daktari wa wodi ya wanaume aliingia maabara na karatasi mkononi. Alikuwa kijana, ana macho mekundu ya kukosa usingizi, na tabia ya kugongagonga kalamu kidevuni akiwa na wasiwasi. Siku hiyo alikuwa akigonga.

"Mama, hii amilesi ya jana jioni alipima nani?"

Bi Kimya aliinua kidole. Alimaliza tone lake, akafunika kichupa, akashusha barakoa. "Mimi jana jioni sikuwepo. Ni Redio."

Redio alikuwa dirishani anakunywa chai. Alitikisa kichwa kukubali, na kwa bahati siku hiyo mdomo wake ulikuwa umejaa.

"Mia mbili na arobaini," daktari alisema. "Mwisho wa kawaida ni mia. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, miaka ishirini na tano, anaishi na virusi vya UKIMWI tangu kuzaliwa. Tumbo linamuuma siku mbili sasa, ametapika. Lakini mashavu yake yamevimba hapa chini ya masikio, ni tezi za mate. Na unajua watu wenye virusi, tezi hizo zikivimba amilesi inapanda yenyewe, kongosho wala haimo. Na yeye mwenyewe anataka kwenda nyumbani. Nilikuwa nimruhusu mchana huu na dawa ya vidonda vya tumbo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna kitu hakinikai sawa." Kalamu ikagonga. "Miezi mitatu iliyopita walimbadilishia dawa za virusi. Moja kati ya hizo mpya, mara chache sana, huichoma kongosho. Kama ni hiyo, nikimruhusu anakwenda kufia nyumbani. Kama siyo, nikimsimamishia dawa nimemharibia matibabu bure. Nirudishie jibu kabla ya saa nane."

Bi Kimya alimtazama Redio, Redio akaitazama chai. Moyoni mama yule alishaamua: mate. Mate ya Redio, na goli la juzi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye kwa miaka kumi na minne alikuwa akiona mate kila mahali. Alichukua sinia ya sindano akaenda wodini mwenyewe.

Fundi alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Shati lake lilikuwa na matundu madogo madogo ya cheche. Chini ya masikio mashavu yalimtoka kweli, uso ukawa mpana kuliko mwili uliobaki. Mezani pembeni ya kitanda palikuwa na simu, na kikopo cha bati cha peremende kilichochubuka rangi.

"Nimekuja kukutoa damu tena, mwanangu."

"Si walitoa jana?"

"Tunahakikisha."

Alinyoosha mkono bila ubishi. Alikuwa na mishipa mizuri ya mtu wa kazi. Bi Kimya alifunga mpira, akapapasa, akaingiza sindano, akajaza kichupa cha kwanza. Kisha akaweka cha pili.

"Viwili?"

"Kimoja cha kupima, kimoja cha kuweka. Likitokea la kutokea, tunarudi kwenye cha pili."

Fundi alikitazama kichupa kikijaa. "Mama yangu hawakumtolea viwili," alisema. "Au labda walimtolea, sijui. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

"Alitibiwa hapa?"

"Hapa hapa. Alikuwa msusi, kiti chake kilikuwa pale getini, karibu na kibanda cha mlinzi. Alikuwa anaendelea vizuri na dawa, amenenepa, anaimba. Akaumwa tumbo kidogo, wakampima, wakasema kongosho yake imeharibika, aache dawa. Akaacha. Tukamzika mwaka uliofuata." Alikichukua kile kikopo kwa mkono mwingine akakitikisa, vidonge vikalia ndani. "Mimi sijaruka hata siku moja. Saa nane mchana, kila siku, tangu siku ile. Simu inalia, nameza. Kwa hiyo mwambie daktari asijisumbue kupima mambo ya kongosho. Ninyi mkipima kongosho mnaua watu."

Sindano ilikuwa bado mkononi mwa Bi Kimya. Aliitoa, akabana pamba, akaukunja mkono wa kijana kwenye kiwiko. Alifanya yote hayo sawasawa, kwa kuwa mikono yake ilijua kazi bila kuuliza kichwa. Kisha akashika sinia akatoka.

Msusi wa Getini. Alikuwa anamjua. Nani hakumjua?

Miaka ile kumi na minne nyuma Bi Kimya hakuwa Bi Kimya. Alikuwa dada mmoja wa maabara mwenye kicheko kilichosikika mpaka duka la dawa. Siku ile alimtoa msusi damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka maji ya damu yakajitenga juu, akavuta matone kuyatia kwenye kikombe kidogo cha kupimia. Huku anavuta, alikuwa akimsimulia mwenzake kichekesho alichotoka kukisikia, na wote wawili wakawa wameinamia meza kwa kucheka. Amilesi ilisoma mia tano na kitu. Aliandika, akasaini. Daktari wa wakati ule, mzee mwenye haraka zake, akasimamisha dawa.

Siku ya nne, akisafisha friji, alikikuta kile kichupa chenyewe cha damu kikiwa na masalio. Kilichomtuma akipime tena hakukijua, labda udadisi tu. Kikasoma sabini na moja. Akapima tena: sabini na moja. Akaiandika namba kwenye karatasi pamoja na tarehe, ndiyo ile ya kwenye bahasha ya kaki. Damu ya mtu ambaye kongosho yake haikuwa na lolote. Alielewa palepale kilichoingia kwenye kile kikombe, na kimetoka mdomoni mwa nani.

Alikwenda wodini. Msusi alisharuhusiwa. Akajiambia, akirudi kliniki nitasema. Msusi hakurudi. Akajiambia, nitamweleza daktari Jumatatu. Jumatatu daktari alikuwa na wageni. Wiki ikazaa mwezi, daktari akahamishwa, na neno ambalo lingesemwa kwa pumzi moja likawa zito kama jiwe la kusagia. Siku faili la msusi liliporudishwa limefungwa kwa kamba nyeupe, ya marehemu, yeye alikuwa ameketi mezani na barakoa usoni. Hakuivua siku nzima. Kuanzia hapo watu wakaanza kusema mama yule wa maabara amebadilika, amekuwa makini, haongei. Mkuu wa maabara hata alimpa cheti cha mtumishi bora. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alificha, kifo kikaenda kwa mwingine, na yeye akapewa cheti.

Sasa mtoto wa msusi alikuwa kitanda cha sita, na damu yake ilikuwa mikononi mwake, vichupa viwili.

Alirudi maabara. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Dada, unaumwa?" Redio aliuliza. "Umekuwa mweupe kama karatasi ya—"

"Toka nje."

"Nitoke?"

"Nenda kapige soga na mlinzi. Funga mlango. Nikikuhitaji nitakuita."

Redio alitoka kinyumenyume. Katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja hakuwa amepata kufukuzwa.

Bi Kimya alivaa barakoa, juu yake akavaa nyingine. Alizungusha damu, akavuta matone, akapima amilesi. Alisimama mbele ya mashine akaomba iwe themanini. Aliomba wazi, kimoyomoyo: Mungu wangu, iwe mate ya Redio. Iwe uchafu. Nikamwambie yule kijana hana kitu, aende zake, ameze vidonge vyake saa nane, na mimi niendelee kunyamaza hadi kustaafu.

Mashine ilisoma mia mbili thelathini na nane.

Hayakuwa mate ya Redio. Maskini Redio, safari hii mate yake yalikuwa na adabu kweli. Lakini bado haikumaanisha kongosho. Mashavu yale yaliyovimba yangeweza kuipandisha amilesi hivyo hivyo, kama alivyosema daktari. Kipimo kile kingemwambia tu kwamba kitu kimepanda. Kisingemwambia kimetoka wapi, kwenye tezi za mate au kwenye kongosho.

Kilikuwepo kingine ambacho kingesema. Lipesi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, karibu yote iliyomo kwenye damu hutoka kwenye kongosho, na tezi za mashavuni hata zivimbe vipi haziipandishi. Hospitali ile haikuwa ikipima lipesi. Lakini mwaka uliopita walikuja watafiti, na walipoondoka waliacha dawa yake ya kupimia kwenye rafu ya chini ya friji. Bi Kimya alipiga magoti, akasogeza makopo, akakitoa kisanduku. Tarehe ya mwisho ilikuwa imebaki siku tisa. Ndani palikuwa na dawa ya kutosha mara tatu, kama mkono hautatikisika.

Mara ya kwanza aliitumia kwa sampuli ya kujaribia mashine, ile ambayo jibu lake limeandikwa kwenye chupa, ili ajue kama dawa bado ni nzima. Ilisoma ndani ya mpaka. Dawa ilikuwa nzima.

Zikabaki mbili. Saa saba kasoro kumi.

Alivuta matone kutoka kichupa cha kwanza. Kwenye korido alisikia sauti ya Redio ikimwelezea mtu jambo, kisha ikafifia. Jasho lilimshuka ndani ya barakoa likamfika mdomoni, na hakulifuta, kwa kuwa mkono haukuwa wa kupeleka usoni wakati ule. Aliweka kikombe kwenye mashine, akafunika, akabonyeza.

Mwisho wa kawaida ulikuwa sitini. Mashine ilisoma mia tisa na arobaini.

Alikaa chini. Halafu akainuka, akachukua kichupa cha pili, ambacho hakikuwa kimefunguliwa, akakizungusha, akavuta, akaitumia dawa ya mwisho. Mia tisa thelathini na sita.

Basi ilikuwa kweli. Kongosho ya mtoto wa msusi ilikuwa inaungua, na aliyetakiwa kuambiwa aache dawa ndiye mtu pekee hospitali nzima ambaye asingekubali kuacha. Asingekubali kwa sababu ya karatasi aliyoiandika yeye.

Alifungua droo. Akaondoa maboksi ya glavu, akatoa bahasha ya kaki, akaitia mfukoni pamoja na majibu mapya.

Alipofika wodini daktari alikuwa tayari kitandani. Bi Kimya alimpa karatasi za kijana, daktari akasoma, na ile kalamu ikaacha kugonga.

"Fundi," daktari alisema, "ni kongosho. Si tezi, ni kongosho yenyewe, na imewaka vibaya. Tunazisimamisha dawa zote leo. Hutakula wala kunywa, tutakuwekea dripu. Ikitulia, siku chache tu, tunakuanzishia dawa nyingine, siyo hii."

Fundi alijiinua akakaa. Maumivu yalimkunja, akashika ukingo wa kitanda, akangoja yapite. Kisha akaanza kuvaa viatu.

"Unafanya nini?"

"Naenda. Nilimwambia huyu mama tangu asubuhi. Siku chache, hayo ndiyo maneno aliyoambiwa mama yangu, hayo hayo, hamkubadilisha hata moja."

"Hii ni tofauti."

"Tofauti kwa nani? Karatasi ni karatasi, Daktari."

"Ukiendelea na dawa hii unaweza usimalize wiki."

"Nikiiacha sitamaliza mwaka. Nimeshaliona hilo kwa macho yangu. Nipe kitu cha kutuliza maumivu nisaini niondoke." Alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine kilikataa kuingia.

Saa ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu. Bi Kimya alivua barakoa.

"Karatasi ya mama yako niliiandika mimi," alisema.

Fundi alibaki na kiatu mkononi.

"Mama," daktari alisema taratibu, "twende nje kwanza tuzungumze."

"Hapana, Daktari. Kaa na wewe usikie." Akatoa bahasha, akaifungua, akaikunjua ile karatasi juu ya shuka. "Mama yako hakuwa mgonjwa wa kongosho. Nilipima damu yake huku naongea, nacheka, kikombe cha kupimia kiko wazi. Mate yangu yakaingia. Yaliyosomwa na mashine yalikuwa mate yangu, siyo damu yake. Hii hapa ndiyo damu yake. Sabini na moja. Alikuwa mzima. Hakutakiwa kuacha dawa."

Fundi aliitazama karatasi bila kuigusa. Wino ulikuwa umefifia lakini namba ilisomeka, na tarehe.

"Ulijua lini?"

"Siku nne baadaye."

"Siku nne." Alizihesabu taratibu. "Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Na hukusema."

"Sikusema. Niliogopa kufukuzwa kazi. Halafu nikaogopa aibu. Halafu akafariki, na sikujua tena pa kuanzia."

"Alituambia hospitali imemkatia tamaa," fundi alisema. "Bibi alimsihi arudi. Akasema, nikarudie nini." Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Bi Kimya kuliko angepigiwa kelele. "Na sasa umekuja na karatasi nyingine."

"Nimekuja na nyingine. Ya mama yako ilikuwa ya uongo, ya kwako ni ya kweli. Ningetamani iwe kinyume. Leo asubuhi niliomba kabisa iwe mate ya mtu."

"Umepima mara ngapi?"

"Lipesi mara mbili, vichupa viwili tofauti."

"Ulikuwa unaongea?"

"Hapana, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

"Hapana," alirudia. "Sikuongea. Sijaongea pale mezani tangu mwaka ule."

Simu ikalia. Ulikuwa mlio mwembamba wa kengele, uliolia saa ile ile kila siku kwa miaka kumi na mitatu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Fundi aliitazama simu, akakitazama kikopo. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko, kama ulivyozoea, ukakizungusha nusu, ukasimama. Kengele iliendelea. Daktari alifumbua mdomo, na Bi Kimya akamwinulia kidole kimoja: subiri.

Fundi alifunga kifuniko. Akazima simu. Kikopo alimpa daktari, siyo Bi Kimya, kisha akalala na kugeuza uso ukutani, kiatu kimoja mguuni.

"Damu ya kesho atoe yeye," alisema akiwa bado ameelekea ukutani. "Asije yule wa jana."

Siku ile ile Bi Kimya aliandika barua kwa mkuu wa maabara, kurasa mbili, akaeleza yote na kuambatisha cheti chake cha mtumishi bora. Mkuu aliisoma, akasema atamwita, itabidi liundwe jopo. Redio alipopata habari aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akaipandisha barakoa yake kutoka kidevuni hadi puani, na tangu hapo haikushuka. Jioni nyumbani wifi alishangaa kumwona mwenzake ameketi ukumbini kimya. Akamwuliza nani kakutukana, asijibiwe, akaenda kumtengea chakula mwenyewe.

Asubuhi tatu mfululizo Bi Kimya alikwenda kitanda cha sita. Kijana alinyoosha mkono, akaangalia ukuta. Vichupa viwili, pamba, kiwiko, anaondoka. Dawa ya lipesi ilikwisha, walifuatilia kwa amilesi na kwa tumbo lenyewe. Siku ya pili mia mbili na kumi. Siku ya tatu mia na hamsini, na akalala usiku kucha bila kujikunja. Daktari aliacha kugonga kalamu.

Siku ya nne alimkuta ameketi, anakunywa uji mwepesi kwa kijiko. Daktari alikuwa amemwambia kwamba wiki ijayo ataanza dawa mpya. Kikopo cha bati kilikuwa kimerudi mezani, kitupu, kinangoja. Alinyoosha mkono, Bi Kimya akafunga mpira, akajaza cha kwanza, akajaza cha pili. Alipoinuka kwenda zake, kijana akasema:

"Vimefungwa hivyo vichupa?"

Bi Kimya alivikagua. "Vimefungwa."

"Basi kaa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, sinia mapajani.

"Sijakusamehe," fundi alisema. "Usije ukajidanganya."

"Sijidanganyi."

"Lakini siku ile wewe ndiye uliyemtoa damu. Mimi nilikuwa shule. Bibi naye alishafariki, hakuna mtu wa kuniambia." Alizungusha kijiko kwenye uji. "Alikuwaje? Alisema nini?"

Bi Kimya aliivua barakoa polepole, akaikunja. Alikuwa analikumbuka kila neno, na hapakuwa na njia ya kulisimulia nusu.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Mimi nilikuwa nimesukwa na mtu mwingine mtaani kwetu. Nikamfunga mpira mkononi, yeye kaacha kuangalia sindano, anaangalia kichwa changu. Akasema, dada, aliyekusuka hivi mna kesi naye? Nikitoka hapa njoo getini nikufumue, nikusuke upya bure, maana wagonjwa watakukimbia."

Pembeni ya mdomo wa kijana palitikisika. "Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa."

"Nilitoka hapo nikiwa nacheka mpaka maabara. Nikamsimulia mwenzangu." Akaikunja barakoa mara nyingine. "Hicho ndicho nilichokuwa nasimulia. Pale mezani. Kikombe kikiwa wazi."

Fundi aliweka kijiko chini. Machozi yalimtoka bila sauti, yakashuka kwenye yale mashavu yaliyovimba. Hakuyafuta, na Bi Kimya naye hakufuta yake.

"Endelea," kijana alisema. "Kisha akasemaje?"